Yadi Mbili na Shibiri Moja

Mimi nina mdomo, sikatai. Wateja wangu wa Tunduma wanajua, na madereva waliokuwa wakiegesha malori mbele ya duka langu na kunizibia mlango wanajua zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mwanamke mwenye mdomo kama mimi akashindwa kusema neno moja siku lilipotakiwa, sina jibu zuri. Nitaeleza tu ilivyokuwa.

Wakati ule Tunduma bado ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya. Nilikuwa nauza vitenge, na nilikuwa mnene. Sisemi ule unene wa kusifiwa, ambao huku kwetu watu wakiuona wanasema mume anajua kutunza. Wangu ulikuwa umepita huko. Sukari ilipanda, presha ikafuata, magoti yakagoma. Siku moja kiti cha plastiki kilipasuka nikiwa nimekikalia dukani, mbele ya wateja, nikaanguka na bunda la vitenge likaniangukia. Nilicheka mimi kwanza ili wengine wapate ruhusa ya kucheka. Nilipofika nyumbani nililia mpaka mume wangu akaniuliza nani amefariki.

Aliyenionyesha njia alikuwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akija kununua vitenge kwangu kwa jumla. Tulimwita Bamayo, kama tunavyowaita wanawake wa kule kwa heshima. Nilimjua akiwa mnene kunizidi. Akapotea miezi kadhaa, akarudi nusu yake. Wenzangu wa madukani walishamalizana naye, wakasema huyo kakanyaga waya, ana ule ugonjwa usiotajwa, tena wakanipa pole ya kupoteza mteja. Mimi nikamuuliza usoni. Akanivuta nyuma ya duka, akainua blauzi, akanionyesha makovu matano madogo tumboni.

"Afrika Kusini," akasema. "Wamepunguza tumbo. Lililobaki ni hivi." Akanionyesha ngumi iliyokunjwa nusu.

Mwaka uliofuata nilikwenda India. Nyumbani alijua mume wangu peke yake. Watu wengine niliwaambia nakwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi, maana uvimbe una heshima yake, mtu akisema uvimbe anaombewa. Ungesema umekwenda kukatwa tumbo kwa sababu ya chakula, wangekuuliza si ungefunga mdomo tu?

Bamayo ndiye aliyenilea baada ya hapo. Alininunulia kikombe kidogo cha kahawa, kile cha udongo kisicho na mkono, akasema chakula changu chote kuanzia siku ile kitatosha humo. Akanifundisha kula kwa kijiko cha chai, kunywa maji mbali na chakula, na kumeza vidonge vya vitamini kila siku ya Mungu, kwa sababu tumbo lililokatwa halimalizi kazi yake. Kila siku saa sita mchana alinipigia. Hakusalimia hata, aliuliza tu, "Umekunywa?" Maana yake maji. Nikisema bado, alisubiri kwenye simu mpaka anisikie nikimeza.

Jambo moja alilisisitiza kuliko yote. Lazima awepo mtu mmoja ndani ya nyumba yako anayejua umekatwa. "Mimi niko ng'ambo ya geti la mpaka," alisema. "Siku ukianguka, nani atamwambia daktari?" Na kweli, wiki ya tatu niliishiwa maji mwilini nikazimia bafuni, na mume wangu ndiye aliyenibeba na kuwaeleza madaktari tumbo langu likoje. Bila yeye wangenitibu malaria.

Nilipopungua, Tunduma nayo ikanisema. Jirani yangu wa duka la vyombo, tuliyekuwa tukinywa chai pamoja miaka yote, alianza kunitengea kikombe changu peke yangu. Niliona, nikanyamaza, kisha siku moja nikakichukua kile kikombe nikakitupa barabarani. Ndiyo hasira zangu zilivyo. Lakini sikumwambia ukweli, na hilo lilikuwa somo ambalo sikulisoma.

Katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuja kuniuliza badala ya kunisema. Alikuwa dada mmoja mdogo kwangu, muuza mahindi na maharage pale sokoni, mnene, mcheshi, anayetembea kwa kupumzika. Aliolewa na mtu wa Iyula, kijiji cha kahawa huko Mbozi, ila wenyewe walipanga Tunduma. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya Kongo, mwezi yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Daktari alikuwa amemwambia uzito ndio unaovuruga mambo, apungue kwanza.

"Dada, sijaja kukupa pole," akasema. "Nimekuja kuuliza njia."

Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa msiba. Nikamwonyesha makovu yangu kama nilivyoonyeshwa.

Alikwenda India miezi michache baadaye. Huko Iyula alisema anakwenda kutibiwa uzazi. Haukuwa uongo kabisa, na labda ndiyo maana ulimtoka kirahisi. Aliporudi, tukawa watatu. Kila Jumamosi Bamayo alivuka geti kwa miguu, tukakaa nyuma ya duka juu ya mabunda, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa chenye supu ya maharage iliyochujwa. Tulikula kijiko, tukaweka chini, tukapiga soga, tukala kijiko kingine. Kikombe kimoja kilituchukua nusu saa. Tulibadilishana nguo zilizotupwaya. Kulikuwa na gauni moja la kijani lililoanza kwa Bamayo, likaja kwangu, likamalizikia kwa yule mdogo wetu, na kila likihama tulicheka mpaka mtu anashika mshono wake. Sijapata marafiki wa namna ile tena. Unaweza kupendwa na mume na watoto, lakini mtu anayejua kijiko cha tano kinavyouma kifuani ni yule tu kilichomuuma na yeye.

Jumamosi ya kwanza kabisa Bamayo alimuuliza, "Kwenu nani anajua?"

Akainama. Akanitazama mimi.

"Mume wako?" Bamayo akauliza.

"Akijua yeye, mama yake atajua. Bamayo, mama mkwe wangu amelea watoto saba kwa jembe la mkono. Kuna miaka walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Nitamwambiaje kwamba nimelipa mtu anikate tumbo ili chakula kisiingie?"

Bamayo akatikisa kichwa, akataka kusema. Nikamkatiza, mimi na mdomo wangu. "Mimi najua," nikasema. "Niko hapahapa Tunduma, siko ng'ambo ya geti. Natosha."

Bamayo hakubishana. Neno langu lile, natosha, nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja Tunduma kumtazama mkwewe. Naomba nieleweke, mama yule hakuwa mkorofi, na ndiyo maana inaniuma. Alikuja na kuku, ndizi, na unga wa ulezi aliousaga mwenyewe. Akapika. Mdogo wangu akala haraka, kwa adabu, kama mkwe anavyokula chakula cha mama mkwe, akakimbilia uani akatapika. Jioni akatapika tena. Asubuhi harufu ya vitunguu ikamkimbiza. Mama akahesabu: mkwe alikwenda kutibiwa uzazi, amerudi, amekonda uso, anatapika, hapendi vitunguu. Akapiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu.

Alinipigia siku hiyo. "Dada, mama anadhani nina mimba."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. "Mwambie hapana."

"Nitamwambia."

Wiki ikapita. Nikamuuliza, umemwambia? "Amenipikia uji," akasema. "Akakaa chini kwenye mkeka akanitazama ninavyokunywa. Dada, miaka tisa hajawahi kunitazama hivyo. Niachie kidogo tu. Nitasema imeharibika, watu huharibikiwa."

Nilitakiwa kukataa. Nikamwachia, kwa sababu na mimi nilijua utamu wa kutazamwa vizuri baada ya kudharauliwa muda mrefu.

Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Inafichwa macho ya watu, na kliniki mtu haendi mpaka tumbo lenyewe liseme. Kwa hiyo mama akamchukua, akampeleka Iyula, mbali na macho ya Tunduma. Biashara akaachiwa shangazi yake. Ndani ya nyumba ile kila alipotapika watu walifurahi. Alivyokonda walisema mtoto anamla mama, huyo atakuwa wa kiume. Walimpikia zaidi. Na vile vidonge vyake vya vitamini mama alivikuta kwenye mkoba, akavificha, akasema mjamzito hali vidonge ovyo.

Simu Iyula ilikuwa mpaka upande juu kwenye mibuni ndipo mtandao unakamata. Alikuwa akipanda kila siku saa sita, tunaongea. Nikiuliza umekunywa, anasema nimekunywa. Baadaye akawa anapanda siku moja moja. Akasema kilima kinamchosha.

Sasa nafika kwenye lile nililolikimbia tangu nianze.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Mama mmoja mzee akaingia dukani, kanga imefungwa vizuri, viatu vya raba vina vumbi jekundu la Mbozi. Sikuwa namjua kwa sura. Akanisalimia, nikamwamkia, akasema yeye ni mama mkwe wa fulani, na kwamba mkwewe ananitaja sana, ananiita dada yake.

"Nimekuja kununua mbeleko," akasema. Akashusha sauti, akatazama mlangoni. "Najua hainunuliwi mapema. Watu wanasema ni uchuro. Lakini mwanangu, miaka tisa nimesubiri, na mimi siku zangu zimekwisha. Nataka niiguse tu, niiweke sandukuni."

Tulikuwa wawili tu dukani. Maneno yalikuwa mepesi: mama, mkwe wako hana mimba, amefanyiwa upasuaji, mpeleke hospitali. Nilifungua mdomo. Nikaona uso wake ulivyo. Na nikaona, nisidanganye, kwamba nikisema ya mkwewe itabidi niseme niliyajuaje, na yangu yatatoka, na kesho yatakuwa sokoni kote. Nikafunga mdomo. Nikamuuliza anataka rangi gani.

Akachagua kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Alikigusa shavuni kupima kama kitamkwaruza mtoto. Nikakitandaza mezani, nikapima kwa rula ya mbao yadi mbili. Halafu kabla sijakata, nikaweka kiganja changu, nikakikunjua toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, nikamwongezea shibiri moja juu. Zawadi ya dada, nikasema. Akanishika mikono yote miwili akanibariki, mimi na uzao wangu. Nikamfungia kitenge kwenye gazeti, akaondoka nacho chini ya kanga.

Siku kama kumi baadaye simu ililia. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mlevi. "Dada, miguu imekuwa ganzi. Mtoto wa jirani amenisaidia kupanda huku juu. Naona vitu viwiliviwili."

Nikampigia Bamayo. Hakuniacha nimalize. "Leo," akasema. "Si kesho. Mchukue leo, umwambie daktari tumbo limekatwa na vitamini zimekwisha, wampe kwa sindano. Leo, umenisikia?"

Nilisikia. Lakini siku ile mzigo wangu ulikuwa unatolewa getini, na nikajiambia siku moja si kitu. Nilikwenda kesho yake. Nilikodi gari, tukapita Vwawa, tukaingia barabara ya vumbi, na kwenye nyumba zote kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja. Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka kivulini, amefunikwa blanketi, macho yanacheza. Lile gauni la kijani lilikuwa limempwaya hata yeye. Mama alikuwa anampepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mimba inamsumbua," akaniambia, kwa fahari na kwa hofu pamoja.

Tukambeba. Hospitali nilimfuata daktari ndani, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Mama alikuwa nje kwenye benchi. Daktari alinisikiliza, akaandika, akawaita wauguzi mbio. Kisha akaniuliza polepole, bila kunikaripia, "Kwa nini alikaa muda wote huu bila mtu kusema?" Afadhali angenikaripia.

Walimtundikia dripu, wakampiga sindano. Siku ya pili alifumbua macho, akanitazama, sijui kama alinijua vizuri. Akasema, "Umekunywa?"

Nikamwambia nimekunywa.

"Kunywa nikusikie," akasema. Nikachukua chupa ya maji nikanywa palepale kitandani, nikameza kwa sauti, na machozi yananiingia mdomoni. Akatulia. Asubuhi ya siku ya tatu alifariki.

Tulimzika Iyula. Mume wake alifika kutoka Kongo kaburi likiwa limeshafukiwa. Sisi tuna msemo, mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nausema sana, kwa watu wengine. Nao huu ulikuwa uongo, kwa sababu hata kilio hakikufichua kitu. Mama alikuwa amejifunga ile mbeleko ya bluu kiunoni kama wanawake wanavyojifunga kitambaa cha msiba, na alikuwa akiwalilia watu wawili. Wawili, alisema, Mungu umenichukulia wawili. Wanawake wakamwitikia. Mimi nilikaa katikati yao, nikaitikia.

Bamayo alikuwa amevuka kuja kuzika. Alikaa nyuma yangu. Wakati tunapewa chakula aliinama sikioni kwangu. "Anamlilia mtoto ambaye hakuwepo," akasema. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi na Kiswahili changu kibovu?"

Ilinichukua mpaka matanga yameanuliwa, na mwezi mwingine juu yake. Bamayo alinipigia kila siku saa sita mchana. Hakuuliza maji tena. Aliuliza, "Umesema?"

Nilikwenda siku ya kazi, nisikute wageni. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Akanipa kigoda. Nikamweleza kila kitu, tangu kiti cha plastiki kilichopasuka, India, makovu, vikombe vya kahawa, Jumamosi zetu, vile vidonge alivyovificha kwa nia njema. Nikainua blauzi nikamwonyesha tumbo langu, kwa sababu sikuwa na ushahidi mwingine. Nikamwambia, mama, hakukuwa na mtoto. Alikuwa mgonjwa. Nilijua mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimejipa kazi ya kujua.

Hakulia. Vidole vyake viliendelea kutenga maharage yaliyotobolewa, moja moja, anayatupia kuku. Nikasubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Ile siku niliyokuja dukani," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Tulikuwa wawili tu."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo chini. Akaangalia mikono yangu iliyokuwa mapajani, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Na ukanipimia," akasema. "Ukaniongezea na shibiri."